Mpiga Picha na Wenzake wa Mbali

Newala walimwita Mpiga Picha, ingawa sidhani kama kuna mtu wa Newala aliyewahi kupigwa picha na yeye. Ukienda kumwomba akupigie picha za harusi ya mwanao, alikutazama kwa upole, akakwambia kamera yake haijui harusi, kisha akakuelekeza kwangu Masasi. Ndivyo nilivyoanza kumfahamu. Watu walikuwa wakishuka kwenye gari na kuingia studio yangu pale Mkomaindo, hatua chache kutoka hospitali, wakisema, "Tumetumwa na Mpiga Picha wa Newala." Wakawa wengi, mpaka siku moja nikaona aibu, nikafunga studio na kupanda mlima kwenda kumshukuru.

Nilimkuta barazani amevaa viatu. Nataja viatu kwa sababu katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona nyumbani kwake na ndala. Vilikuwa viatu vya ngozi vya kamba, vimefungwa kabisa, kama vya mtu anayesubiri kuitwa jina. Nyuma ya mlango wa sebule lilikaa begi lake, nalo limefungwa. Mkewe, Mama Zai, alikuwa akifagia kulizunguka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayewapiga watu picha wakicheka?"

"Wanacheka wenyewe, Mzee. Siwalazimishi."

"Basi usiwakataze," alisema, akanisogezea kiti.

Kazi yake ilikuwa picha za habari, tena zile za mbali. Walimwita watu wa nje, akaenda ng'ambo ya Ruvuma watu walipokuwa wanakimbia vijiji vyao, akaenda Kongo, akaenda kwenye mafuriko na kwenye njaa za nchi ambazo mimi nilizijua kwenye ramani tu. Alipotea miezi miwili, mitatu. Majirani walijua amerudi wakimwona Mama Zai ananunua nyama. Alirudi amekonda, analala, anakula kidogo, kisha anakaa barazani mgongo ukutani akiwa ameshika simu. Chai alikuwa haimalizi. Alikunywa nusu, akakisogeza kikombe pembeni, na Mama Zai akakiondoa.

Hakusimulia alichokiona. Ukimuuliza alisema, "Niliyoyaona nimeshayatuma." Kulikuwa na jambo moja tu lililomtoa nje ya ukimya wake, nalo ni moshi wa korosho. Msimu ukifika, wanawake wa mtaa hukaanga korosho kwenye vipande vya bati, na yale maganda yakishika moto hutoa moshi mzito wenye mafuta unaokaa kooni. Sisi tumeuzoea, kwetu ni harufu ya pesa. Yeye ukimfikia alinyanyuka katikati ya mazungumzo, bila kuaga, akatembea hadi mwisho wa mtaa na kusimama huko akitazama bonde mpaka hewa isafike. Siku moja nilimfuata, nikamuuliza moshi ule unamkumbusha nini. Akasema, "Sitaki kukuwekea kichwani mwako, mwanangu. Wewe bado unalala vizuri."

Wenzake alikuwa anawawekea. Hilo ndilo nililokuja kulielewa polepole.

Lilikuwepo kundi. Lilikuwa mtandaoni, la wapiga picha wa habari wanaosafiri, wa nchi nyingi, na halikuwa na mlango wa kubisha. Alinieleza mchana mmoja wa kipupwe, ukungu umeshuka mpaka miguuni pa mikorosho, sisi sote tumevaa masweta.

"Ukilitafuta hulioni," alisema. "Anakuja mtu aliyekuona kazini. Amekuona ulivyofanya watu walipokuwa wanakufa mbele yako, uliweka kamera chini au hukuiweka. Huyo ndiye anasema, huyu aingie. Akikushika mkono, amekudhamini. Ukiharibu, mmeharibu wawili."

"Na mkishaingia mnafanya nini humo?"

"Tunaulizana barabara."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia wanaulizana barabara ipi imetegwa na ipi imezibwa na matope tu, dereva yupi atakuacha njiani kwa ajili ya vocha, nyumba ipi ya wageni ina mlango unaofungika kweli, askari yupi wa mpakani anataka kuamkiwa na yupi anataka kunyamaziwa. Wanatumiana picha kabla hazijaenda kokote, na wenzao wanasema hii iache, mama wa huyu mtoto ataiona. "Na mtu akishindwa kulala," alisema, "anaandika. Siku zote kuna mahali duniani ambako ni mchana."

Aliingizwa na mzee mmoja wa Kisumu ambaye jina lake hakulitaja, maana majina hayakutakiwa kutoka nje ya kundi. Alimwita tu Mzee wa Kisumu. Na kila aliyeingia alikuwa na haki ya kumshika mkono mtu mmoja tu, basi. Mmoja kwa maisha yako yote. Yeye alikuwa hajautumia wake.

Si lazima niseme kwamba niliutaka mkono huo.

Nilianza kuutaka baada ya jambo lililonipata Tandahimba. Gazeti moja lilikuwa limeniomba picha za mnada wa korosho, na siku ile wakulima walikataa bei, kukawa na kelele, nikapiga picha ambazo watu fulani hawakuzipenda. Nikarudi nyumba ya wageni. Mara wanaume watatu wakaja wakasimama getini, mmoja akapenyeza sauti dirishani kwamba wanataka kadi ya kamera. Mchana kweupe, watu wanapita, na hakuna aliyekuwa anajua mimi ni nani. Nikamwandikia Mpiga Picha. Akanijibu kwa maswali: mlango unafungukia ndani au nje? Dirisha linatazama wapi? Mwenye nyumba ni mwanaume au mwanamke? Nikajibu. Kukapita muda kidogo, ukaingia ujumbe: "Usibaki chumbani. Nenda jikoni kwa mwenye nyumba, mwambie shikamoo mama, omba ungo umsaidie kuchambua mchele. Kaa mahali watu wanakuona ukifanya kazi ya nyumba. Kadi iweke kwenye mchele."

Nilikaa pale alasiri nzima nikichambua mchele, kadi iko chini ya vidole vyangu. Wale wanaume wakaingia, wakamkuta mwanamke anachambua mchele na mama mtu mzima, wakababaika. Mwenye nyumba akawauliza wanamtafuta nani kwenye jiko lake. Wakaondoka.

Nilipomshukuru Mpiga Picha alisema, "Si mimi. Mimi nisingewaza mchele. Ni mama mmoja yuko mbali sana, aliwahi kujificha hivyo kwao." Kumbe alikuwa amelipeleka suala langu kundini, na watu ambao sitawajua kamwe, kila mmoja katika nchi yake, waliacha shughuli zao wakaufikiria mlango wa chumba changu Tandahimba. Sijui nieleze vipi. Nina ndugu wengi, nina mama, nina shangazi wa kutosha. Lakini sijawahi kushikwa namna ile.

Basi nikaenda nikamwambia wazi. "Mzee, na mimi nishike mkono."

"Hapana."

"Kazi zangu si nzuri?"

"Kazi zako nzuri. Ila wewe una watu. Gari lako likikwama Chiungutwa leo, jua halijazama mama yako ameshauliza stendi nzima. Kule ni kwa wasioulizwa."

Nilikasirika. "Na wewe huulizwi? Mama Zai hakuulizi?"

Akatazama kikombe chake. "Aliacha," alisema.

Mama Zai aliwahi kunisimulia mwenyewe, tukiwa uani tunachambua kisamvu. Zamani alikuwa anauliza, unakwenda wapi, unarudi lini, na mumewe alikuwa anajibu "sijui" kwa sababu kweli alikuwa hajui. Akachoka kuuliza. Akaniambia pia habari ya mgeni. Mwaka mmoja alikuja mwanamke wa kizungu, mwenye nywele fupi nyeupe na kovu shingoni, akashuka stendi ya Newala na begi kama la Mpiga Picha.

"Nikamuuliza Baba Zai, mgeni nimtengee chumba gani? Akasema cha Zai. Nikasema, na Zai? Akasema, Zai alale na wewe, huyu ni ndugu yangu. Nikamuuliza, ndugu kwa upande gani?" Mama Zai alisimamisha mikono. "Akafikiri, mwanangu, akafikiri! Halafu akasema, kwa upande wa kazi. Kaka zangu wote wamelala nyumba hii, hajamwita hata mmoja ndugu."

"Ulikasirika, Mama?"

"Nilitaka. Lakini walikaa pale barazani wakawa wanacheka. Mimi Kiingereza sijui, nilisikia kucheka tu. Nikasema, kumbe huyu mtu anacheka! Halafu wakanyamaza, wakakaa kimya mpaka chai ikapoa, kama watu waliotoka kwenye msiba mmoja. Mimi na yeye hatujawahi kunyamaza vile. Mimi nikinyamaza ni kwa sababu nimechoka."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alijua mwenzake fulani wa Amerika ya Kusini amepata mtoto wa kike na mtoto amepewa jina la nani, lakini matokeo ya kidato cha nne ya Zai alikuja kuyauliza Zai ameshaanza kazi. Aliwahi kukesha kwenye simu kwa ajili ya mwenzake aliyekamatwa mpakani, akipiga huku na kule mpaka akaachiwa, na wiki hiyo hiyo paa la jirani yake liliezuliwa na upepo, watu wote wa mtaa wakabeba mabati, yeye akapita katikati yao akisema na simu, akawapungia mkono. Hakuwa na roho mbaya. Ukimwambia una shida alitoa alichonacho. Lakini ilibidi umwambie, na uwe umesimama mbele yake.

Mzee wa Kisumu alipofariki, niliona machozi yake kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimepeleka picha za mahafali Newala nikapita kusalimia. Alikuwa amekaa chini, uani, viatu miguuni, simu imelala mapajani. Hakuwahi kukutana na Mzee huyo zaidi ya mara moja, kwenye kambi ya wakimbizi, siku ile alipomshika mkono. Mama Zai alikuwa amemfunika bega kwa kanga yake. "Kafiwa," aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayetangaza jambo ambalo hana hakika nalo. "Sijui tumwekee matanga?"

Hawakuweka. Hakukuwa na mtu wa kumwalika.

Halafu ikaja ajali. Mtu aliyepita kwenye nchi za mabomu alianguka kwenye mchanga karibu na Chiungutwa, amepakizwa kwenye bodaboda, akitoka Masasi kurudi nyumbani, kwa sababu mbuzi alikatisha barabara. Dereva alichubuka kiwiko. Yeye nyonga ilivunjika. Alilazwa jirani na studio yangu, nikawa nampelekea uji asubuhi. Kitanda chake hakikukauka sauti: simu ilikuwa inalia ujumbe juu ya ujumbe, sauti za watu kutoka pande zote za dunia zikimpa pole kwa Kiingereza cha kila lafudhi, na mgonjwa wa kitanda cha pili alimuuliza kama yeye ni mbunge. Alifurahi. Nasema kweli, sikuwahi kumwona na furaha kama wiki zile alizolazwa.

Nyonga iliunga vibaya. Akatoka na magongo mawili, na magongo hayaendi vitani. Waliokuwa wanamwita kwa kazi wakamwita mara moja, mara mbili, akasema bado kidogo, wakaacha. Begi likabaki nyuma ya mlango. Viatu aliendelea kuvivaa, sasa Mama Zai ndiye aliyemfunga kamba.

Miaka iliyofuata nilipanda Newala mara nyingi zaidi. Kila nilipomkuta alikuwa na simu mkononi, na kila mara alikuwa na habari zao. "Wenzangu wanasema huko Beirut umeme hakuna." "Wenzangu wanasema kamera mpya hizi zinazima kwenye joto." "Wenzangu wananiuliza ukungu wa Newala unakuwaje, nimewatumia picha." Mama Zai alikuwa akinipokea mlangoni na kusema, "Yupo na wenzake." Alisema kwa namna ambayo mwanamke mwingine angesema mumewe yupo msikitini. Alikuwa amekubali. Nadhani hata alishukuru kwamba walau kulikuwa na watu wa kumchekesha, kwa kuwa yeye alikuwa ameshindwa.

Presha ilimwangusha Mama Zai uani, ndoo ya maji ikiwa mkononi. Hakufika hospitali.

Watu walikuja. Mtaa mzima ulikuja, na watu wa Kitangari kwa kina mama yake, na waliotoka Tandahimba na Zai, ambaye alikuwa ameolewa huko. Walileta mikeka, masufuria, kuni, maji ya kununua. Walichimba kaburi, wakapika, wakagawa chai, wakalala kwenye ukumbi na barazani. Mpiga Picha alikaa kwenye kiti chake katikati ya watu hao kama mgeni aliyefika mapema. Walipomjia kumpa mkono alisema "ahsante, ahsante," na macho yake yakawa yanawatafuta, kama mtu anayetafuta maandishi chini ya picha.

Nilikuwa nimekaa karibu naye aliponivuta mkono.

"Yule anayegawa chai, mwenye kofia ya kijani. Ni nani?"

"Ni Baba Salumu, Mzee."

"Baba Salumu wa wapi?"

"Wa hapo." Nilimwonyesha ukuta. "Jirani yako. Alikuwepo kabla hujajenga."

Akamtazama Baba Salumu muda mrefu. Baba Salumu akaona anatazamwa, akaja na kikombe, akainama. "Kunywa, Mpiga Picha. Hujatia kitu tumboni toka jana." Akapokea, akanywa nusu. Kisha akakisogeza pembeni. Baba Salumu alisubiri kidogo, halafu akakiondoa mwenyewe.

Matanga yalipoanuliwa, Zai alimwambia baba yake aende naye Tandahimba. Nilikuwepo. Zai si mtu wa maneno mengi, amefanana na baba yake, na nilijua amejikaza.

"Baba, hapa utabaki na nani?"

"Wenzangu wanajua nipo Newala."

"Simu inashika Tandahimba pia, Baba."

"Wanajua nipo hapa," alirudia. "Wakija watakuja hapa."

Zai alifunga mizigo yake akaondoka na gari la Mtwara. Alimwachia mama mmoja wa mtaani kazi ya kumpikia. Stendi aliniambia, "Dada, mimi simlaumu. Ningejua tu hao watu wana nini ambacho mama alikuwa hana." Nilikuwa na jibu la mchele, lakini si jibu la kumpa mtoto aliyezika mama yake.

Mwaliko ulinifikia mchana mmoja nikiwa nakata picha za pasipoti. Simu ililia, nikaona jina lake, chini yake alama ya kubonyeza, na maneno: "Mwanangu, nimekushika mkono."

Niliketi. Nilikuwa nimeungoja kwa miaka. Nikamwomba mteja radhi, nikabonyeza, nikaingia.

Hapakuwa na mtu.

Nilidhani nimekosea. Nikapandisha juu. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa kwake, wa asubuhi ile, picha ya ukungu. Uliotangulia ulikuwa wake pia, wa jana yake. Na wa juzi. Nikapandisha, nikapandisha, kidole kikachoka. Ilikuwa ni yeye peke yake. Habari za asubuhi kutoka Newala. Mvua imekuja mapema. Mikorosho imeanza kutoa maua. Mguu unauma leo. Hakuna hata mmoja uliokuwa umejibiwa.

Niliupata ujumbe wa mwisho wa mtu mwingine chini kabisa huko nyuma, wa wakati Mama Zai bado mzima, miezi michache baada ya ajali. Ulikuwa wa Kiingereza, mfupi. Ulisema mahali hapa si salama tena, watu wasiofaa wamepajua, tunahama. Msiandike hapa tunakwenda wapi. Kila mmoja atachukuliwa na yule aliyemshika mkono.

Na aliyemshika mkono yeye alikuwa ameshazikwa Kisumu.

Basi walihama. Chini ya ujumbe ule alikuwa ameandika, "Nipo. Nani ananichukua?" Siku iliyofuata, "Mzee wangu amefariki, mnakumbuka. Nani ananichukua?" Akauliza tena mara kadhaa, kwa adabu, kama anavyouliza mtu asiyetaka kusumbua. Sidhani walimtupa. Nadhani kila mmoja alidhani mwingine ameshamchukua, na barabara zao ni nyingi. Halafu akaacha kuuliza, akaanza kusalimia.

Habari zote alizokuwa akitupa, za Beirut, za kamera, za fulani na fulani, alikuwa akizisoma kwenye magazeti ya mtandaoni, au alikuwa akizitunga. Sijui. Na Mama Zai alikufa akiamini mumewe ana watu.

Nilisoma mpaka mteja akaondoka. Kadiri siku zilivyosogea Kiingereza kilikuwa kinapungua. Alianza kuandika Kiswahili, kwa watu wasiokijua, na tena wasiokuwepo. "Leo mke wangu amepika kisamvu cha karanga. Sikumwambia kwamba ni kitamu. Ni kitamu sana." Kulikuwa na picha yake. Mama Zai, kwa nyuma, ameinama kwenye pipa, jua la asubuhi limepita kwenye kanga yake mpaka unaona umbo la mkono. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kuona, na nimeona nyingi. Mama Zai hakuwahi kujua kwamba amepigwa. Chini yake alikuwa ameandika kwa wenzake: "Huyu ndiye anayenifunga viatu."

Baada ya msiba maneno yakawa ya Chimakonde. Mimi ni Myao wa Masasi, Chimakonde changu ni cha kuombea maji. Nilishika jina la mkewe na neno la nyumba, basi, mengine sikuyaelewa. Mtu ambaye angeweza kuyaelewa yote, neno kwa neno, alikuwa Baba Salumu, upande wa pili wa ukuta.

Nilipanda Newala kesho yake.

Nilimkuta sebuleni, maana baridi ilikuwa kali barazani. Chakula alicholetewa kilikuwa kimefunikwa hakijaguswa. Nikamwamkia, akaitika, akanionyesha kiti cha mkabala.

"Umeingia?"

"Nimeingia, Mzee."

"Umewaona?"

Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imeikamata simu kama mtu aliyekamata chombo chenye maji.

"Kumetulia," nilisema.

"Wapo kazini," alisema haraka. Kisha nikaona uso wake ukikubali jambo na kulikataa, ukikubali na kulikataa. "Wapo kazini," alisema tena, taratibu zaidi. "Lakini sasa tuko wawili."

"Mzee, twende Tandahimba. Zai anakusubiri. Au nikuitie Baba Salumu, mkae naye tu, mzungumze Chimakonde. Ni mtu mwema yule. Yuko hapo tu, nimemsikia anakohoa."

Nikarudia. Alikuwa ameinamisha kichwa, vidole gumba vinatembea juu ya kioo, na nikadhani ananipuuza. Mara simu yangu ikatetemeka mfukoni.

Nikaitoa. Ulikuwa ujumbe wa kundi, wa Kiswahili: "Karibu, mgeni. Uko wapi leo? Barabara ikoje?"

Nikainua macho. Alikuwa mbele yangu, magoti yake na yangu yanakaribia kugusana, na alikuwa anaitazama simu yake kwa namna ambayo sikuwahi kuona akimtazama mtu. Nikaita, "Mzee." Nikaita tena kwa nguvu. Nje Baba Salumu alisikia sauti yangu, akauliza kupitia ukutani kama kuna tatizo.

"Hakuna, Baba," nilimjibu.

Kisha nikaandika: "Niko Newala. Barabara ni nzuri, ila kuna ukungu."

Akasoma. Akacheka kidogo, sauti ndogo ya furaha, akaanza kuandika tena, bila kuinua uso.